Mzabibu wa Evaristo

Evaristo wa Uru alikuwa fundi pampu kwenye mashamba ya miwa. Alipostaafu akaanza kutafuta zabibu. Si zile nyekundu za Dodoma anazozijua kila mtu. Alitaka zile ambazo hata wanaozilima hawajui majina yake. Kijiti kimoja alikiomba nyuma ya nyumba ya mapadri, cha pili alipewa Himo na dereva wa lori, cha tatu hakumbuki. Viwili vilioza kwa mvua za mlimani. Kimoja kikashika, kikatambaa juu ya banda la ng'ombe, na mwaka wa sita kikazaa vishada vidogo vyeusi, vikali kiasi kwamba ndege walivionja mara moja wakaacha.

Mkewe, Leonia, alitaka pale pawe na migomba. Wakakubaliana aletwe mtaalamu aonje divai ambayo Evaristo alikuwa akiitengeneza kila mwaka. Akiisifu, mzabibu ubaki. Akiikataa, Evaristo aukate mwenyewe.

Mtaalamu akaja, dada mmoja kutoka Dodoma aitwaye Rachel. Akampa shikamoo bibi Elisifa, mama yake Evaristo, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda kando ya banda. Evaristo akafungua chupa nne, za miaka minne. Kama ilivyo desturi ya mbege, pombe ya ndizi, mwenye pombe hutangulia kunywa ili mgeni asiwe na shaka. Akatangulia, akajitahidi uso usibadilike. Rachel akapiga funda, akalizungusha mdomoni, akageuka, akalitema penye shina la mzabibu. Akafanya hivyo kwa kila chupa.

Kisha akasema kwa upole kwamba amezunguka kote na hajawahi kukutana na zabibu hii. Haifai divai. Angeshauri ing'olewe.

Leonia akaingia ndani, akatoka na panga.

"Lirudishe," bibi Elisifa akasema.

"Mama, si umemsikia mtaalamu?" Leonia akauliza.

"Nimemsikia, na macho ninayo. Mgeni ametemea huu mti pombe mara nne, kama wazee walivyokuwa wakitubariki sisi. Haya, nani anakata kilichobarikiwa?"

Rachel akaeleza kwamba waonjaji wote hutema, ndiyo kazi yao. Bibi akamwambia ni kazi nzuri, asiiache.

Leonia akaenda na panga lake kukatia ng'ombe majani.

Mwaka huu mzabibu umezaa vishada arobaini. Bado ni vikali.