Waya wa Chai Tu

Nilimnunulia mama jiko la stima, lile la sahani nne na oveni chini, kwa sababu ya kifua chake. Daktari alikuwa amemwambia mbele yangu kwamba akiendelea na moshi wa kuni, pumzi itamwishia. Mimi sijui kubembeleza. Jiko likafika Malinya wiki hiyo hiyo, na fundi nikamtafutia hapo hapo sokoni.

Nilitaka likae nyumba kubwa, karibu na mita. Mama akakataa katakata. Mwanamke mwenye boma lake hapiki sebuleni kama mpangaji, alisema. Basi likapelekwa kwenye nyumba yake ya kupikia, huko nyuma, na waya ukapitishwa chini ya ua ndani ya bomba. Nikawaachia kazi, nikarudi zangu Kakamega mjini.

Nilipokuja tena, moshi ulinipokea langoni. Mama alikuwa ameinamia mafiga, anakohoa. Jiko langu lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu yake thamosi.

"Mama, na hii?"

"Inapikanga vizuri tu," akajibu bila kunitazama.

"Inapikanga thamosi?"

Nilikasirika. Nikatoa kitambaa, nikawasha sahani ya kwanza, na ya pili. Kuwasha ya tatu tu, ta! Stima ikakatika. Kumbe ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, naye akanyamaza asije akaonekana hana shukrani.

Fundi alikuja na pikipiki yake. Sikungoja hata avue helmeti.

"Uliweka waya gani hapa?"

"Wa milimita mbili na nusu, dada."

"Wa soketi! Kwa jiko zima?"

Akajikuna shingo. "Nilimuuliza mama atapikanga nini. Akaniambia, chai tu."

Chai tu! Aii, nilicheka kwa hasira. Mtu amezaliwa Ikolomani hii hii, hajui kwamba kwetu mgeni huambiwa karibu chai, hatuna kitu, kisha inatua mezani obusuma, ugali wetu, na ingokho, kuku mzima?

"Siku uliyomaliza kazi, ulikula nini hapa?"

"Kuku," akasema polepole.

"Na mama alikuitaje mezani?"

"Alisema karibu chai." Akashika kichwa, akaangua kicheko. Mama, mlangoni, akajifanya anatafuta mwiko.

Safari hii fundi hakumuuliza mtu. Aligeuza jiko, akasoma kibati cha nyuma kinachoonyesha nguvu ya umeme linayokula, akapiga hesabu ya sahani zote na oveni vikiwaka pamoja, kama Krismasi watu wote wamerudi nyumbani. Kisha akapima ua kwa futi. Nikamuuliza kwa nini asibadilishe breka tu, aweke kubwa zaidi, tusichimbe tena. Akatikisa kichwa. Breka inalinda waya, alisema. Ukiweka kubwa ukaacha waya mwembamba, breka itanyamaza na waya utaungua ndani ya bomba. Kama jiko lingekuwa karibu na mita, waya wa milimita sita ungetosha. Kwa umbali ule, umeme ungefika umechoka. Akachukua wa kumi, mnene, mgumu kukunja, tukauvuta pamoja huku mama akitusimamia kana kwamba tunavuta fahali wake. Breka nayo akaweka inayolingana na waya huo.

Mchana ule sahani zote nne ziliwaka, na oveni juu ya hayo. Hakuna kilichokatika. Mama akasonga ugali bila tone la chozi machoni, akatuita: "Karibuni chai." Fundi akanikonyeza, akaenda kunawa mikono. Nilifurahi, siwezi kuficha. Mafiga yalikuwa yamepoa na mtu hakuyataja.

Nilipokuwa naondoka, mama akanisindikiza mpaka langoni. Ua ule si mkubwa, lakini alisimama katikati, akashika mti kama anayeukagua, huku akihema.

"Kifua je?" nikamuuliza.

"Aa, kifua kiko sawa tu."

Sawa tu, kama ile chai tu. Nilikuwa nimeshafungua mlango wa gari. Nikaufunga.

"Chukua leso yako, mama. Tunaenda hospitali."

Nilijiandaa kwa ugomvi. Mama yangu hajawahi kukubali jambo mara ya kwanza. Akanitazama, akageuka, akaenda kuchukua leso. Hakubisha hata neno moja, na hapo ndipo nilipoogopa.