Kaburi Nisilolichimba

Jumatatu nilikuwa kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kando ya ziwa, nimekaa juu ya kreti tupu karibu na mwanamke anayeuza dagaa. Aliniamkia, nikaitikia marahaba, kisha akanitupia swali huku anachambua dagaa wake.

"Bibi, mwanao kazama mwaka wa tatu huu, mwili haujaonekana. Mbona hamjazika mgomba?"

Kwetu Mara, mtu akimezwa na ziwa, ukoo wetu huzika shina la mgomba badala yake ili msiba ufungwe. Shemeji zangu walishalikata. Nikawaambia shina hilo wakalishie ng'ombe.

"Mimi Mkristo," nikamjibu. "Yesu alifufuka akaacha kaburi tupu. Mimi nichimbe la mwanangu nilijaze mgomba? Siku ya ufufuo atainuka humo humo ziwani. Mungu anajua alipolala."

"Kwa hiyo umeshamkabidhi kwa Mungu."

"Nimemkabidhi."

Akacheka kidogo, akapangusa mikono kwenye kanga. "Basi mbona kila Jumatatu mitumbwi ya visiwani ikifika unasimama kukagua nyuso? Dagaa hununui. Hata ndoo hubebi."

Wasomaji wa safu yangu hii mnajua sikosi jibu. Kuna wachungaji wawili wananikwepa kwa sababu hiyo. Siku hiyo niliutazama mtumbwi uliokuwa unafika mpaka abiria wa mwisho akashuka, ndipo nikamgeukia.

"Roho yangu ilibatizwa, binti. Macho bado."