Siku Niliyoshinda Kondoo kwa Pedi

Ninafundisha darasa la sita hapa Dongobesh, na nina umri wa kuitwa mama na watu ambao sikuwazaa. Nikimaliza kusahihisha madaftari, nacheza gemu. Walimu wenzangu wa kike hufuma sweta, maana baridi ya huku haina mchezo, na wananionea huruma kidogo. Mimi nawaambia kila mtu na anachokifuma.

Nilianza chuoni, kwa mashine ya gemu ya mwenzangu wa bweni. Nilipopata ajira, kitu cha kwanza kununua hakikuwa kochi wala kitanda. Nililala kwenye godoro chini muhula mzima, nikiwa na mashine ya mtumba na kioo kidogo cha televisheni juu ya ndoo iliyogeuzwa. Wageni walikaa mkekani, nao hawakulalamika, kwa sababu nao walikuwa wanacheza.

Gemu siinunui ikiwa mpya. Ya mpira ikitoka, nasubiri mwaka upite. Wakati huo aliyeinunua kwa pupa ameshaichoka na anaiuza. Jezi zimebadilika, lakini goli ni lile lile. Nanunua moja, naimaliza, ndipo natafuta nyingine. Wapo watu wenye CD rafu nzima na hakuna hata moja waliyoifikisha mwisho. Hao kwangu ni wakusanyaji, siyo wachezaji.

Nikienda Babati kwenye semina, napita kwa fundi mmoja anayeuza vifaa vilivyotumika. Hajawahi kuniuzia kitu bila kukiwasha kwanza. Pedi, kile kidude cha kuchezea, naishika mpaka ipate joto mkononi, kwa sababu ina ugonjwa ambao hauonekani ikiwa ya baridi: wewe umeshaachia kijiti cha kuongozea, lakini mchezaji wako anaendelea kutembea peke yake kama mlevi anayetoka kilabuni. Pedi ya hivyo usiichukue hata ukipewa bure. CD naiinua kwenye mwanga nitazame mikwaruzo. Nyumbani naifunika mashine kwa kitenge, siyo kwa nailoni, maana nailoni inazuia vumbi lakini inatunza joto. Na umeme ukianza kupepesa, chomoa kwanza, lia baadaye.

Watu wengi wanadhani gemu ni wepesi wa vidole. Mimi mwenyewe niliamini hivyo mpaka aliponifunga daktari.

Daktari huyu alitoka Pwani, akapangiwa kazi kwenye zahanati ya hapa kwetu. Kijana mpole, aliyevaa koti zito hata mwezi ambao sisi tunaona joto. Jioni alikuwa akipita kwenye kibanda cha gemu karibu na stendi, kilichokuwa cha fundi redio mmoja, na tangu afike hakuna aliyemfunga. Mimi alinifunga manne bila. Tulipomaliza alinipa mkono, akaniambia, “Mwalimu, unacheza vizuri. Ila unaukimbilia mpira.”

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilijaribu kujiambia kwamba pedi yake ilikuwa bora kuliko yangu, lakini nilijua siyo kweli. Nilikuwa namtoa beki wangu mahali pake kila daktari alipogusa mpira, na nyuma yangu kulibaki shamba tupu. Basi nikaanza kujifunza upya. Wiki kadhaa nilicheza na mashine nikijikataza kukaba kwa pupa. Nilifungwa sana. Kidogo kidogo vidole vikatulia.

Ndipo fundi redio akatangaza mashindano ya siku ya mnada. Zawadi ilikuwa kondoo dume kutoka zizi lake mwenyewe, naye alimfunga nje ya kibanda asubuhi ile ili watu wamwone. Tulijiandikisha watu kumi na sita, mwanamke nikiwa peke yangu. Mechi zangu tatu za mwanzo nilishinda, moja kwa penalti. Mchana nikawa fainali, na aliyekaa kwenye benchi upande wa pili alikuwa daktari.

Kibanda kilijaa mpaka dirishani. Wenyeji walikuwa upande wangu, watumishi wa zahanati upande wake, na kila mmoja alikuwa na ushauri. Kabla ya mapumziko daktari akapata bao. Watumishi wa zahanati wakapiga makofi.

Kipindi cha pili kilipoanza, watu wa mlangoni wakasogea kumpisha mzee mmoja. Alikuwa baba yangu.

Baba ni mkulima wa Endagikot. Siku hiyo alileta vitunguu saumu mnadani, na huko akasikia watu wakisema mwalimu wa kike anacheza na daktari. Alikuwa ameniambia zaidi ya mara moja kwamba gemu ni shughuli ya mtu asiye na ng'ombe. Mpira ulikuwa miguuni mwangu. Lakini kwetu mtu haendelei na jambo lake wakati baba yake amesimama mbele yake hajaamkiwa. Kila mchezaji aliruhusiwa kusimamisha mechi mara moja tu. Nikasimamisha, nikainuka, nikaweka pedi chini.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Endelea na kazi yako.”

Aliita kazi. Nilikaa nikiwa na uzito mdogo kuliko niliosimama nao.

Alipewa nafasi nyuma yangu. Akauliza mimi ni yupi pale kwenye kioo. Nikamwambia wale wa nyekundu. Akauliza, wote? Nikamwambia ndiyo baba, wote. Akatazama kwa muda kama anavyotazama mifugo ya watu wengine ikiteremka kwenda kunywa maji. Kisha akainama akaniambia kwa Kiiraqw kwamba ng'ombe wa huyu bwana wote wanaingilia pengo moja, la kushoto. Weka mtu pale, akasema, na usimkimbize.

Daktari akauliza mzee anasema nini. Mtu mmoja mlangoni akamjibu kwamba mzee anasema kuna baridi.

Nilitazama, nikaona ni kweli. Niliwahi kucheza naye mechi nzima na sikuliona jambo hilo. Nikamchukua beki wangu, nikamsimamisha kwenye lile pengo, nikaachia kijiti. Daktari akaja, akaja, akamkuta mtu. Mpira ukawa wangu. Pasi mbili ndefu, na mshambuliaji wangu akabaki na kipa, akafunga. Tukawa sare, moja kwa moja.

Alipojaribu tena, nilikuwa pale pale. Mara ya tatu akasita, na nikajua kwamba sasa ni yeye anayehangaika. Dakika zilikuwa zinaisha. Nikapata kona, mpira ukaenda juu, ukarudi, ukamkuta kiungo wangu nje ya boksi. Sikuwa na haraka. Nikasubiri beki wake ateleze mbele, nikapiga chini, mpira ukaingia pembeni mwa nguzo.

Kibanda kilitikisika. Mwalimu mkuu wangu, mtu wa tai na kauli za utaratibu, alikuwa amemkumbatia kondakta asiyemjua. Filimbi ilipopigwa, nikaweka pedi chini.

Daktari alinipa mkono, akataka kujua mzee alisema nini hasa. Nikamtafsiria neno kwa neno. Akacheka, akatikisa kichwa. “Miaka yote hii nacheza, hakuna aliyeniambia kwamba nina upande mmoja.” Akamgeukia baba, akampa shikamoo.

“Marahaba, daktari,” baba akasema. “Karibu Endagikot uje kula kondoo.”

Tulimsafirisha kondoo huyo hadi Endagikot kwa pikapu iliyorudisha wauza mahindi. Baba alikaa nyuma naye, ameshika kamba, ingawa dereva alimpa kiti cha mbele. Tuliposhuka njiani kuelekea nyumbani, jirani wa kwanza akamsifia mnyama, akauliza amenunuliwa mnada upi.

“Hakununuliwa,” baba akasema. “Binti yangu amemfunga daktari mabao mawili.”

Nyumba ya pili yakawa matatu. Tulipofika kwetu na mama akatoka kutupokea, yalikuwa yameshafika matano, na baba alikuwa anaonyesha kwa fimbo yake, pale uani, mahali ambapo kila moja liliingilia. Nilimshika kondoo kamba, nikasimama kusikiliza.