Mtungo wa Vitunguu Saumu

Msinihurumie, haya niliyatafuta mwenyewe. Mimi ni mtunza bustani hapa Dubai, na kila siku namkumbusha madam kwamba sisi wa Nyandarua tumezaliwa shambani. Alipotaka vitunguu saumu, muuza mbegu alinionya: tuta lililoozesha vitunguu maji mwaka jana bado lina ukungu, panda kwingine. Nikamcheka, nikapanda palepale.

Vikaoza vyote. Na madam alikuwa ameshamwalika mama mkwe wake aje kuvuna Ijumaa.

Ijumaa alfajiri nikakimbilia soko la Al Ras, nikanunua mtungo mzima, vitunguu saumu kumi na viwili kwenye kamba moja. Nilikuwa ndiyo kwanza navifukia niliposikia mlango wa jikoni. Kamba sikuwahi kuifungua.

"Yalla, Njoroge, tuonyeshe!" madam akasema kwa fahari.

Mama mkwe akainama, akavuta kimoja. Vikatoka vyote kumi na viwili, vikifuatana kama mabehewa ya treni.

"Njoroge," madam akauliza polepole, "kwenu vitunguu huota vikiwa vimefungwa kamba?"

"Ndiyo, madam," nikajibu. "Hivi ni vya ukoo mmoja."