Wajawazito Kumi na Wanne wa Ghala la Mbegu

Mwaka 1988 niligundua wanawake kumi na wanne waliobeba mimba na hawakuzaa.

Hawakufa pia. Nilikutana nao kisimani, wazima, wanacheka, Jumapili wanakwenda misa kama kawaida.

Naitwa Severine, mzaliwa wa Nambis, Mbulu. Mwenye haraka apite tu, hii habari inauma na sijui kuifupisha.

Enzi zile tambarare ya Hanang ilikuwa ngano tupu. Mashamba ya serikali, kombaini zinapishana mchana kutwa. Mimi nilikuwa chuo kikuu nasoma historia. Wenzangu walishagombania vita vya Majimaji wakavimaliza, mimi nikaachiwa mada ambayo hakuna aliyeitaka: afya ya vibarua wa ngano.

Nikaenda zahanati ya shamba moja, jina lake naliacha. Mganga Patriki akanifungulia kabati la madaftari ya zamani, vumbi mpaka machozi.

Daftari la kliniki ya wajawazito, 1978. Akina mama kumi na wanne wameandikwa mimba ya miezi sita, saba, nane.

Baada ya hapo mstari mtupu. Hakuna kuzaliwa. Hakuna kifo.

"Labda walijifungulia nyumbani," Patriki akasema.

"Wote kumi na wanne?"

Patriki akaanza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nikatafuta orodha za kazi za mwaka ule. Wote kumi na wanne walikuwa ghala la mbegu. Humo mbegu ya ngano ilichanganywa na dawa ya kuzuia ukungu, unga wa rangi ya waridi. Wanachanganya kwa koleo na mikono mitupu. Wakirudi nyumbani jioni, mikono imekuwa ya waridi mpaka viwikoni.

Aisee, kichwa kilinivimba. Nikajiona profesa kabisa.

Nikapanda kijijini, upande wa Gitting, kumtafuta wa kwanza kwenye orodha. Mama Genoveva.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikamuuliza habari za mwaka 1978. Akakunja uso.

"Mimi sikuwa na mimba mwaka huo. Aliyeandika alikosea. Kunywa maziwa uende."

Nikazunguka kwa wengine. Jibu lile lile. Kila nyumba mwandishi alikosea.

Na mimi, Mwiraqw mwenzao, nilipaswa kuelewa siku ile ile.

Kwetu mama akizaa mtoto mfu, nyumba yake inaingia metimani. Anatengwa. Hachoti maji na wenzake, haendi mnadani, ng'ombe wake hawachanganyiki na wa jirani. Anayekula chungu chake naye ameingia. Inaweza kuchukua miezi, hata mwaka. Na anayeficha ni mbaya zaidi, maana kila mtoto atakayekufa kijijini, kila ndama, ataulizwa yeye.

Hawa walikuwa wameficha miaka kumi.

Aliyenifungulia moyo ni Mama Fransiska. Alinifuata mwenyewe njiani, mzigo wa kuni mgongoni, hata hakuutua.

"Wewe ndiye unayeuliza habari za ghala?"

"Ndiyo mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu Konsolata anafanya kazi mle mle sasa hivi. Ana mimba ya miezi mitano."

Nikafunga daftari.

"Wangu alitoka hajalia," akasema. "Nilimzika nyuma ya ghala. Genoveva wake alitangulia siku tatu. Kitenge nilichomfungia wangu ni cha Genoveva, alikivua kiunoni akabaki na gauni. Tukaapishana tusiseme."

"Kwa nini usimwambie Konsolata aache kazi?"

"Nimwambie sababu gani? Mumewe yuko machimboni Mererani, mwezi wa tatu hana habari. Ghala ndilo linamlisha." Akanitazama. "Wewe umesoma. Waandikie wakubwa. Jina langu liweke, wengine usiwaguse. Lakini nitolee mwanangu mle."

"Nitamtoa mama. Nakuahidi."

Niliahidi hivyo hivyo, kwa mdomo mwepesi.

Nikaandika barua ofisi ya shamba. Safi, kurasa tatu. Nikaeleza ghala, dawa, daftari, na ushahidi wa Fransiska: jina, mwaka, mahali alipozika. Wengine sikuwataja. Sikuona tatizo. Miaka mitatu ya chuo ilinifanya niamini kuwa barua ya ofisini hukaa ofisini.

Baada ya wiki mbili kamati ya watu watatu kutoka ofisi hiyo ikaja na gari. Wakaitisha mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wao akavaa miwani, akaisoma barua yangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti, mbele ya kijiji kizima.

Alipofika kwenye jina, wanawake waliokaa karibu na Fransiska wakaanza kusogea. Hawakusema kitu. Walivuta khanga zao, wakahama, mpaka akabaki peke yake kwenye majani.

Nilitamani ardhi inimeze.

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama mmoja inaweza kuwa bahati mbaya. Kama yupo wa pili ajitokeze, na kesho wajawazito wote tunawatoa ghalani. Yupo?"



Genoveva akasimama. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, huyu hapa.

"Mwaka jana nilizika mjukuu," Genoveva akasema. "Tukalia, tukasema ni homa. Kumbe tunakaa na mtu ameficha! Huyu asikanyage kisima chetu. Na aliyekula kwake asiingie kwangu."

Watu wakaitikia.

Daftari langu lilikuwa mkononi na jina la Genoveva limo. Nikasimama. Nikafungua mdomo.

Fransiska akanitazama, akasema polepole kwa Kiiraqw, "Kaa chini, mwanangu."

Nikakaa. Mwenyekiti akasubiri kidogo, akafunga faili, wakapanda gari.

Sasa sikia kilichofuata, maana hapa ndipo nilipojichukia.

Siku ya mkutano Konsolata alikuwa ghalani; alipopata habari akataka kuacha kazi, arudi kwa mama yake mpaka ajifungue. Lakini nyumba ya mama imefungwa na metimani. Akaenda kwa mama mkwe. Mama mkwe akamsimamisha nje ya boma: "Jumapili ulikula kwa mama yako. Usiniletee."

Kimebaki kibanda cha kambi ya vibarua. Na kambini asiye na kazi hapewi pa kulala.

Akarudi ghalani. Ni barua yangu iliyomrudisha.

Nilihangaika, wallahi. Patriki aliandika cheti Konsolata apewe kazi nyepesi. Msimamizi akasema msimu wa kupanda kazi ni mbegu tu, atake asitake. Nikaenda kwa padre. Padre akahubiri Jumapili nzima dhidi ya metimani, watu wakasema amina, wakatoka wakapita njia ya mbali ili wasikanyage alipokanyaga Fransiska.

Mwezi wa nne Konsolata akajifungua mtoto wa kiume. Hakulia.

Nikaenda kwa Fransiska. Nikasimama nje ya ua, yeye ndani.

"Mama, kwa nini ulinizuia siku ile? Jina moja tu lilitosha."



"Genoveva ana wasichana wanne hawajaolewa. Tena alinivulia kitenge." Akafuta uso kwa mkono. "Na nilijua Mungu hawezi kunichukulia mara mbili."

Nililia pale pale kwenye ua, mtu mzima na daftari langu.

Kazi yangu ya chuo ilipata alama ya juu kabisa. Walisema nina jicho la mtafiti.

Miaka kumi na tano baadaye nikakutana na Konsolata mnada wa Katesh, anauza vitunguu. Mashamba yale yalishasambaratika. Hakunisalimu. Aliuliza tu.

"Siku ya mkutano ulikuwa na jina la pili?"

"Nilikuwa nalo."

"Na mama alijua?"

Fransiska alikuwa bado hai, mzee, macho hayaoni, na Konsolata ndiye aliyekuwa akimpikia na kumwogesha.

"Hapana," nikasema. "Mama yako hakujua kitu. Mimi niliogopa, nikanyamaza."

Alinitemea mate miguuni. Akageuka akaendelea kupanga vitunguu vyake, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kunisemesha tena.

Nimefundisha historia miaka thelathini, na uongo niliousema kwa kukusudia ni huo mmoja. Wanawake wote watatu wametangulia, ndiyo maana leo nimesema. Majina nimebadilisha. Anayetaka kunitukana kwenye komenti anitukane, nimeshajitukana zaidi.

Ila nyie vijana mnaozunguka vijijini na madodoso, nawaomba kitu kimoja. Kabla hujaandika jina la mtu, muulize hilo jina likisomwa hadharani, atalala kwa nani. Mimi sikuuliza.