Baba Alipoambiwa Ini Lina Makovu

Ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi, mwanangu, daktari alipotuita ndani mimi na Baba. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda huku mlimani na mizani yao. Tumbo la Baba lilikuwa limejaa maji. Daktari akasema pombe imelitia ini makovu, nayo hayafutiki.

"Amebakiza muda gani?" nikauliza, Baba akiwa amekaa palepale.

"Mimi sigawi tarehe. Macho hayajawa manjano, akili ni timamu. Akiacha pombe kabisa, sehemu ya ini iliyobaki inaweza kumtunza miaka. Akiendelea, hata mavuno haya sijui kama atayaona."

Nyumbani habari ilifika nusu: Anaeli, yaani Baba, anakufa. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, akaamua kihamba, shamba letu la ukoo, kigawanywe kabla ulimi wa mwenyewe haujawa mzito. Akina mama wakapika mbege, pombe yetu ya ndizi, maana kwetu shamba haligawanywi midomo ikiwa mikavu. Mwenye shamba hunywa kata ya kwanza, ndipo abariki mipaka. Basi tukawa tumempikia kwa heshima zote kitu kilekile kilichokuwa kinamuua.

Siku ilipofika, Shangazi akampa kata. Baba akaishika muda mrefu. Aliipenda mbege, sitakudanganya.

"Kunywa bwana! Au umeokoka?" mmoja wa rika lake akamtania.

"Nina vijana wasiojua hata kupogoa kahawa. Nikifa leo watafyeka shamba." Akamrudishia Shangazi kata. "Dada, niletee maziwa."

"Maziwa kwenye mipaka? Umeona wapi?"

"Utaona hapa. Lakini leo nabariki watu tu. Mipaka ikae ilivyo, bado nina kazi nayo. Mbege kunyweni ninyi, ila asinililie mtu."

Watu wakacheka, nami nikapumua. Kisha akanigeukia. "Na wewe, siku nyingine ukimuuliza daktari nitakufa lini, muulize pia nitaishije."

Aliacha. Akapunguza chumvi, akameza dawa, akahudhuria kliniki. Maji yakapungua, na mtoto wangu wa tatu alibatizwa akiwa mikononi mwake. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Sisemi wote hupata nafuu hivyo. Jirani yetu naye aliacha, lakini macho yalikwisha kuwa manjano, hakuvuka masika.

Kwa hiyo, mwanangu, ukisikia ugonjwa huu usikimbilie kuhesabu siku za mtu. Uliza umefikia wapi na umeletwa na nini, maana wengine hawajaonja pombe. Wao huwa wameletewa na virusi vya homa ya ini. Kinacholila ini kiachwe mapema. Mgonjwa akitapika damu au akianza kuchanganyikiwa, mkimbize hospitali saa hiyohiyo. Wala usimtandikie mkeka wa msiba mtu ambaye bado anaweza kukaa kitini.

Mungu akujalie wazee wakaidi wa kukataa kufa kabla ya zamu yao, akupe na subira ya kuwatunza. Uzeeke nawe, ukiwa na afya na watu wako.