Palizi ya Wakuu wa Idara

Siku wakuu wa idara wa mkoa walipopotea wote kwa mpigo, mimi nilijua mmoja wao alipo. Jembe nilimpakilia mwenyewe kwenye gari.

Ni mume wangu, Oswaldi.

Utawala mpya ulikuwa umeingia, na kila mwenye cheo hapa Sumbawanga alikuwa anausubiri mkeka wa uteuzi. Wa kupendekeza nani abaki na nani apigwe chini alikuwa Mama Bertilla, katibu tawala, mzaliwa wa Kasense asiyecheka hovyo. Wanaume waliozoea kumwita "kale kamama" sasa wanampa shikamoo, hata waliomzidi umri!

Oswaldi akanusa kwamba mahindi ya Mama kule Kasense yamemezwa na magugu.

"Rozina, nikimpalilia kimyakimya, cheo hakiendi popote."

"Nani kakuita?"

"Siasa huijui wewe."

Haya bwana. Mimi ni msaidizi tu wa bosi Leonsi, mkuu wa idara nyingine. Nikaenda zangu kazini.

Saa nne Mama Bertilla akaingia ukumbini na wageni kutoka wizarani. Mkuu wa idara hakuna hata wa dawa. Tupo wasaidizi, karibu wote wanawake. Kumbe akili ya Oswaldi walikuwa nayo wote!

Simu ya Mama ikaita. Alikuwa mama yake mzazi, sauti inafika mpaka viti vya nyuma.

"Bertilla! Shambani kwako kuna wanaume wamevaa tai, wanalima! Pombe sijapika, mtu sijaita. Wamefuata nini hawa?"

Huku kwetu palizi watu huitwa, na pombe inawasubiri. Anayekuja bila kuitwa ana lake jambo.

Mama akashusha pumzi. "Waache wamalize, mama. Mpaka mpakani."

Akatugeukia. "Nani anaijua taarifa ya idara yake?"

Tukanyoosha mikono. Taarifa zenyewe tuliziandika sisi, miaka yote.

Jioni Oswaldi akarudi na malengelenge, anachekelea. "Tumekutana wote kule, aibu kidogo. Lakini Leonsi nimemwacha mbali!"

Kwa kweli nilimwonea huruma. Nikamkanda mikono kwa maji ya moto.

Mkeka ukatoka. Kiti cha Oswaldi kapewa msaidizi wake, Lucia. Kiti cha Leonsi nimekalia mimi.

Oswaldi alinuna wiki nzima, kisha akaniuliza kwa upole kama nina shamba linalohitaji palizi.

Jamani, bosi akiwa mwanamke, fanya kazi uliyoajiriwa. Magugu yake ana watu wa kuwaita.